Mpemba, Mkewe Muha na 26 Aprili: Nani Anauelewa Muungano?

Kila ikifika 26 Aprili, Nyakitonto inakuwa na Muungano wa aina tatu. Kuna ule wa redioni, wenye hotuba na nyimbo za uzalendo. Kuna ule wa kijiweni, ambao kwa vijana wa bodaboda maana yake ni moja tu: shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, abiria hakuna. Halafu kuna ule wa ndani ya nyumba moja ya mwenye duka, na huo ndio mgumu kuliko yote.

Yupo baba mmoja wa Kipemba aliyekuja huku miaka hiyo na begi moja, akafungua duka la rejareja, akaoa binti wa Kiha. Leo anawaamkia wateja "mwakeye" kama kazaliwa Kasulu. Anakula ugali wa muhogo na migebuka, wala haulizi wali uko wapi. Ana kiwanja, ana nyumba ya tofali za kuchoma, ana shamba la maharage. Hakuna anayemwita mgeni.

Basi siku ya sikukuu, duka limefungwa, chai iko mezani, baba akaanza stori za kurudi kwao Pemba akizeeka. Mama akamsikiliza weee, mwisho akauliza kitu kimoja tu: "Baba watoto, na mimi huko nitanunua kiwanja kwa jina langu?"

Baba kimya.

Alinyamaza kwa sababu jibu analijua. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, na haki ya kumiliki imewekwa kwa Mzanzibari. Mama huyu ni Mtanzania kamili, ana kitambulisho cha taifa, lakini kule hana haki ile ambayo mumewe kaipata Nyakitonto bila mtu kumuuliza kazaliwa wapi.

Ila baba naye si mtu wa kukubali kirahisi. Akamjibu: "Mama watoto, wewe una hesabu ya kiwanja, sisi tuna hesabu ya nchi. Zanzibar ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa tangu Desemba 1963. Hicho kiti kiko wapi? Mambo ya Muungano yalianza 11, leo ni 22. Nani kaongezewa na nani kapunguziwa?" Akamalizia na ule msemo wa kwao wa koti, kwamba likibana linavuliwa.

Mama akacheka. "Nyinyi mna rais, mna baraza, mna bendera, mna wimbo. Sisi Tanganyika imebaki ziwa."

Jamani, ukiwa mtu wa Kigoma neno hilo linaingia. Mkoa huu ndio unaoliona jina hilo kila siku, majini. Nchi iliyoitwa Tanganyika iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo jina likawa Tanzania. Zanzibar ikabaki na serikali yake. Ya Tanganyika ikaingia ndani ya Serikali ya Muungano. Ndiyo maana Mzanzibari analalamika kwamba Tanganyika imejificha ndani ya Muungano, na mtu wa bara analalamika kwamba Tanganyika imepotea. Ni kitu kilekile, kila mmoja anakitazama kutoka upande wake.

Wakati wanabishana, babu wa jirani alikuwa kibarazani anasikia yote. Akawatuliza kwa maneno ya wazee wa huku. Yeye aliwaona watu wakivuka kutoka Burundi 1972, akawaona tena 1993, akawaona tena 2015. Kambi ya Nyarugusu iko humuhumu Kasulu, tangu 1996. "Nyinyi mnagombania kiwanja," akasema, "wenzenu wamekosa nchi. Muungano ni amani. Nyamazeni mle."

Babu hajakosea. Mtu wa Buha anajua thamani ya kuwa na nchi kuliko mtu wa Dar. Muha akisafiri, lafudhi yake tu inatosha kuulizwa kama kweli ni raia au kavuka mpaka jana. Kwa hiyo neno "Mtanzania" huku halichezewi. Ni ngao.

Lakini hapo kwenye "nyamazeni mle" ndipo pa kumpinga babu kwa heshima zote. Amani si jibu la swali la kiwanja, wala si jibu la swali la kiti. Kumwambia mtu ashukuru hakuna vita ni sahihi, ila hakumwambii haki yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Tume ya Warioba ilizunguka nchi, ikasikiliza watu, ikapendekeza serikali tatu. Bunge Maalum la 2014 likabaki na mbili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na maswali yakaahirishwa nayo. Swali lililoahirishwa halifi, linahamia mezani kwa watu wakati wa chai.

Kingine kinachosikitisha ni kwamba watoto wa shule wanaijua picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo, lakini Hati za Muungano zenyewe, zile alizosaini yeye na Karume tarehe 22 Aprili 1964, wengi hawajawahi kusoma hata mstari. Si kitabu kikubwa, ni kurasa chache tu. Sikukuu hii ingefaa iwe siku ya kuusoma mkataba kwa sauti, darasani na redioni, halafu watu waulize bila kuitwa wasaliti. Mbona mume na mke wanagombana na bado wanalala nyumba moja? Anayehoji ndoa siyo lazima anataka talaka. Mara nyingi ni yule anayetaka kukaa, ila akae akijua haki yake.

Jioni duka likafunguliwa kama kawaida. Mama akapima sukari, baba akapokea hela. Swali la kiwanja halijajibiwa, liko palepale mezani. Afadhali hapo kuliko chini ya mkeka.