Wapanda Farasi wa 1916 na Njaa ya Mtunya

Vikosi vya bunduki vya walowezi waliojitolea katika Vita Kuu ya kwanza havikukosa waandishi wa kuvitukuza: kile cha East African Mounted Rifles, kilichokusanyika Nairobi mwezi wa Agosti 1914, na vile vya South African Horse, ambavyo Jenerali van Deventer aliviongoza kutoka Arusha katikati ya masika ya 1916, vikaitwaa Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, vikakwama pale kwa matope, homa na uhaba wa chakula, na hatimaye, tarehe 29 Julai, jeshi lake likaingia Dodoma na kuishika reli. Ushujaa wao siukanushi. Ninachouliza ni nani aliyewalisha, kwani farasi hali sifa wala askari hashibi taadhima.

Inzi wa ndorobo waliwaua farasi kwa mamia, na kila mnyama alipoanguka shehena yake ilihamia mabegani mwa mwanadamu ambaye, aghalabu, hakujitolea bali alishikwa. Wajerumani, kabla ya kurudi nyuma, walikwisha kuchukua nafaka na ng'ombe wa Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma. Waingereza walipokuja wakadai vivyo hivyo, pamoja na wapagazi. Basi katika nchi ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja mfupi, na ambayo mtu akikosa mtama na uwele humtoa ng'ombe wake apate nafaka kwa majirani, kihenge kilipobaki kitupu, zizi likapungua na wenye nguvu za kulima wakawa safarini, ukame uliofuata haukukuta kinga yoyote. Ndiyo Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo yakadiriwa kuwa iliangamiza watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma.

Yuko atakayesema kuwa ukame ni kudra ya Mungu, na kweli Ugogo ulizoea njaa tangu zamani. Walakini kuinyang'anya nchi akiba yake si kudra, ni amri iliyotolewa na watu.

Dar es Salaam ina sanamu ya askari tangu 1927. Dodoma, maadamu ndiyo makao makuu, iwawekee jiwe wapagazi na wafu wa Mtunya, na mahali panapostahili ni stesheni, kwa kuwa reli iliyofika hapo mwaka 1910 ndiyo iliyogombewa.