Mwenye Funguo na Mwenye Bastola: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi

Mheshimiwa Waziri,

Wizara yako ilishahamia Dodoma, sisi tumebaki huku na Feri yetu na msongamano wetu. Nina swali ambalo wenzangu wa Kariakoo tunaulizana kila mara bila kupata wa kutujibu. Mtu akiingia dukani kwangu na bastola inaonekana kiunoni, ninayo haki ya kumwambia aitoe nje? Na akikataa, mwenye kosa ni nani?

Silaha yenyewe haitushangazi. Anayeshuka kwenye kivuko pale Magogoni akafuata njia ya Ikulu kwenda Posta hukutana na bunduki kila asubuhi, wala hapunguzi mwendo. Askari yule ana sare, ana lindo, ana mkubwa wake. Hata mlinzi wa kampuni aliyesimama mbele ya benki Mtaa wa Msimbazi ana nembo kifuani. Akikukosea unajua pa kupeleka malalamiko.

Anayetutia tumbo joto ni yule wa fulana na jinzi. Anaingia, anashika kitenge, anabishana bei, kisha shati linapanda kidogo. Wengine shati hupanda lenyewe, wengine hulipandisha. Jirani yangu wa fremu ya tatu aliwekewa bastola juu ya kaunta, eti mteja apate nafasi ya kutoa pochi mfukoni. Mzigo uliondoka kwa bei aliyoitaka mteja. Jirani hakwenda polisi, kwani angeshtaki nini? Hakutukanwa, hakuibiwa, hakuambiwa neno baya. Risiti alitoa kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mashine ya EFD.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, imeandikwa kwa kumtazama anayemiliki silaha: aombeje, leseni itoke vipi, afutiwe lini. Ni sawa kabisa. Lakini mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye nyumba ya wageni, hao ndio silaha inaingia kwao, nao tunaomba watazamwe. Katiba yetu inalinda maskani ya mtu katika Ibara ya 16 na haki ya kumiliki mali katika Ibara ya 24. Kanuni ya Adhabu nayo inalo kosa la kuingia kwa jinai katika mali ya mwenzio. Vipande vyote vipo, Mheshimiwa. Havijashonwa pamoja vikawa maneno ambayo mwuza duka anaweza kumtamkia mtu mwenye bastola bila kutetemeka.

Utaniambia hayo ya mteja mmoja mkorofi ni madogo. Basi tuzungumzie makubwa, maana nchi nzima iliyaona. Usiku wa Machi 17, 2017, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia kwenye ofisi za Clouds Media kule Mikocheni akiwa na askari wenye silaha. Picha za kamera za pale mlangoni zilisambaa kwenye kila simu. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, akaunda kamati ya kuchunguza. Ripoti ikasomwa, na Machi 23 yeye mwenyewe akaondolewa uwaziri. Siku hiyohiyo alikwenda kuzungumza na waandishi wa habari kwenye hoteli moja Oysterbay. Pale nje, mtu asiye na sare akamchomolea bastola mchana kweupe, mbele ya kamera. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, aliagiza mtu yule asakwe.

Kituo cha utangazaji ni mali ya mtu, na hoteli ni mali ya mtu. Wenye mali wale walikuwa na walinzi, kamera na mawakili. Kama mlango wao haukuwa na neno mbele ya silaha, mlango wangu wa bati la kukunja utakuwa na neno gani?

Tazama jimbo la Texas kule Marekani, ambako bunduki ni kama sehemu ya mavazi. Tangu Januari 1, 2016, mwenye kibali huko aliruhusiwa kutembea na bastola waziwazi kiunoni. Lakini sheria ileile ikampa mwenye duka uwezo wa kukataa: anabandika bango mlangoni kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue urefu wa inchi moja, na anayelipita akiwa na bastola hadharani anakuwa na kosa. Wamefika mbali hivyo kwa kuipenda bunduki, na bado mwenye mlango wamemwachia mlango wake. Sisi hatujawahi hata kuzipenda kiasi hicho.

Kariakoo kuna ugumu wake, nakiri. Jengo lina mwenyewe, ghorofa lina mpangaji, fremu ina mpangaji wa mpangaji, na barazani kuna machinga. Nani mwenye mlango hapo? Ushauri wangu ni mwepesi: anayeshika funguo. Mwenye jengo hayupo pale saa nane mchana bastola inapowekwa kaunta.

Polisi watasema kazi yao haingoji bango. Hakuna anayetaka jambazi akimbilie dukani kwangu halafu afande asimame nje akisoma maandishi. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeshaweka utaratibu wa hati ya upekuzi, na wa kuandika risiti ya vitu vilivyochukuliwa. Wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023 hadi Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja, kilio hakikuwa kiwango cha kodi pekee. Kilikuwa kamatakamata, watu kuingiliwa wasijue anayewaingilia ni nani na ametumwa na nani. Ukimwongezea mtu wa namna hiyo bastola, hata afisa wa kweli anafanana na jambazi, na siku moja mtu ataumia kwa kufananishwa.

Ninachokuomba ni kanuni moja chini ya sheria ya 2015, itangazwe kwa Kiswahili cha sokoni. Mwenye funguo akisema silaha haiingii, haiingii, na anayelazimisha aweke leseni yake rehani. Aliye kazini bila sare aonyeshe kitambulisho kabla ya kuvuka kizingiti, isipokuwa anamkimbiza mtu. Na mwenye kuingia na silaha kwa jina la cheo chake ahesabiwe kama mwingine yeyote.

Bango nimeshaliulizia bei kwa fundi wa Mtaa wa Livingstone. Nasubiri maneno ya kuandika, na Kiingereza sikihitaji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwuza vitenge, Kariakoo