JIKO NDANI YA CHOMBO

Mwezi wa Aprili, 2025, chombo cha mbao kiitwacho HB Kongolo kiliteketea katika Mto Kongo, karibu na mji wa Mbandaka. Maofisa wa huko walieleza ya kuwa moto ulianza pale mama mmoja alipokuwa akipika. Watu zaidi ya 100 walikufa. Wengine, wakiwamo wanawake na watoto, walijitupa majini nao hawajui kuogelea.

Chombo hicho kilikuwa safarini. Je, moto kama huo ukizuka gatini, vyombo vimefungwa ubavu kwa ubavu, utakoma wapi? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, bali hushuka ukajikusanya katika ngama, ukingoja cheche moja. Gesi ya kupikia ni vivyo hivyo. Makaa nayo hudanganya: juu jivu jeupe, ndani moto wa saa nyingi. Na aingizaye jiko chumbani kwa kukimbia mvua hujifungia pamoja na hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kwa sababu hizo bandari nyingi za mashua za starehe huko Marekani hukataza kuchoma nyama kwa makaa ndani ya mashua zilizofungwa, na mahali pengi wenye mashua wamewekewa meko nchi kavu. Hilo la pili ndilo tunalolitilia mkazo. Tajiri akikatazwa kuchoma nyama, amekosa burudani ya Jumapili tu. Baharia wa jahazi akikatazwa jiko, amekosa chakula cha usiku, kwani chombo ndicho nyumba yake, wala ujira wake haumtoshi kula hotelini kila siku.

Amri tupu haifai kitu. Mwenye njaa atapika tu, tena kwa siri, chini ya sitaha, mahali pabaya kuliko pote. Twawataka wakuu wa bandari zetu, wanapobandika marufuku, wajenge pia majiko ya pamoja karibu na gati, mbali na petroli, yenye paa la bati na ndoo za mchanga. Vyama vya wafanyakazi navyo vilidai jambo hili, visiwaachie manahodha peke yao. Ama vyombo vya safari ndefu, ambavyo havina budi kupika baharini, jiko likae katika sanduku la mchanga, na petroli isitiwe maadamu kaa moja lingali jekundu.