Mjadala wa 1961 usomwe madarasani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa Historia. Katika maandalizi ya mtihani nimekutana na mjadala wa uraia uliofanyika bungeni Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru. Wabunge kadhaa walitaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa kuangalia rangi. Mwalimu Nyerere alikataa kwa hasira, tena akisema serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kuwabagua Wahindi na Wazungu waliochagua kuishi nasi. Najivunia msimamo ule. Ingekuwa rahisi kwake kufuata kelele za wengi.

Lakini Bunge hilohilo, mwaka 1962, lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Kasanga Tumbo, aliyeanzisha chama cha upinzani, alikamatwa kwa sheria hiyo. Mwaka 1965 tukawa na chama kimoja, na haki za raia hazikuingia ndani ya Katiba hadi 1984. Kwa nini waliomvumilia jirani wa rangi nyingine walishindwa kumvumilia ndugu mwenye hoja nyingine? Swali hili linanikosesha usingizi, na darasani tunalipita haraka mno.

Naomba walimu na watunga mitaala watupe kumbukumbu za Bunge za miaka ile tuzisome wenyewe, hotuba za waliopinga zikiwemo.

Mwanafunzi,
Morogoro