Ajali Isiyokuwa Ajali

Neno ajali lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliokadiriwa: siku ya mja iliyokwisha kuandikwa, isiyosogezwa mbele wala kurudishwa nyuma. Wazee wa pwani walilitumia hivyo, na hata leo asemaye kwamba ajali haina kinga hutaja jambo lililo nje ya uwezo wa wanadamu. Basi ni kwa haki gani neno hili zito linabebeshwa mizoga ya swala, ngiri, nyati na twiga katika njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia, kwenye zile kilomita 50 hivi zinazoipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi? Malisho yako pande zote mbili za lami. Mnyama hana budi kuvuka, na lori lenye shehena haliwezi kusimama ghafula. Jambo linalojulikana sababu yake, mahali pake na saa zake, si ajali hata kidogo.

Liko jibu lililozoeleka, kwamba njia ilikuwapo na hifadhi ikaifuata. Kweli, njia ya udongo ilikuwapo. Lakini hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, na mafuriko ya malori yalikuja baadaye, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965 na Zambia ikawa haina budi kutafuta njia nyingine ya mafuta na shaba yake. Njia ikachakaa, watu wakafa, hata madereva wakaiita njia ya Jehanamu. Lami ikafuata na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sina neno na lami hiyo. Ilitandikwa kwa udugu, na jirani aliyefungiwa mlango hastahili kuulizwa habari za swala. Nasema tu kwamba waliotandika walijua wanatandika ndani ya hifadhi, na sisi warithi wao tunajua zaidi.

Jibu la pili limeandikwa kwenye mabango: mwendo wa kilomita 70 kwa saa mchana, 50 usiku, na orodha ya faini kwa kila mnyama. Twiga amepata kuandikiwa dola 15,000. Dola, msomaji, katika nchi yenye shilingi! Mtu anaweza kudhani mnyama huyu yuko dukani, na bei yake imewekwa kwa ajili ya mnunuzi wa ng'ambo. Tena tazama nani anayesimamishwa pale. Ni dereva na utingo wake. Tajiri wa gari, aliyewapangia saa ya kufika bandarini, amelala nyumbani kwake, na usingizi wake hautozwi kitu. Faini ya namna hii humwangukia mwenye njaa na kumruka mwenye amri.

Mimi nataka kipande hiki kifungwe usiku kwa malori. Huko India, njia ipitayo katika Hifadhi ya Bandipur hufungwa tangu saa tatu usiku hata saa kumi na mbili asubuhi, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2009. Magari ya wagonjwa hupita, na mabasi machache hupewa ruhusa. Wenye mali watalia kwamba biashara itakufa. Kilio hiki tumekwisha kukisikia. Mabasi yetu yalizuiwa kusafiri usiku kwa miaka mingi, hadi katazo lilipoondolewa mwaka 2023, na katika miaka yote hiyo abiria walifika na matajiri wa mabasi hawakufilisika kwa sababu hiyo. Shaba iliyongoja miaka elfu chini ya ardhi inaweza kungoja mpaka alfajiri.

Lililo gumu ni mahali pa kungojea. Madereva wasiachwe wamejikunyata chini ya magari yao huko Doma na Mikumi, wakiibiwa mafuta gizani. Pajengwe viwanja vyenye taa, maji, vyoo na walinzi, na gharama yake wachangishwe wenye magari kwa kila lori lipitalo, kwa shilingi, kabla ya mnyama kufa.