Tuache Kungoja Mtu Afe Ndio Tumweke Ukutani

Niseme tu vile iko: familia nyingi za Kenya huprinti picha kubwa ya mtu mara moja tu, na siku hiyo mwenyewe hayuko wa kuiona.

Fikiria mazishi yoyote uliyoenda karibuni. Pale getini kuna bango la marehemu, rangi zote, linakupita urefu. Mbele ya jeneza kuna mjukuu amebeba picha ya fremu iliyozungushiwa maua. Kila mtu ana kijitabu cha wasifu mkononi, karatasi ya kung'aa, na ndani kuna picha kibao: akiwa kijana, akiwa na suti ya harusi, akicheka na wajukuu Krismasi. Kazi yote hiyo imefanywa kwa siku chache. Grupu ya familia imechanga, mtu ametumwa River Road na flashi, mweka hazina ametoa doo bila maswali mengi. Baada ya mazishi ile picha ya fremu inarudi nyumbani na kutundikwa juu ya TV. Kwa nyumba nyingi, hiyo ndiyo picha ya kwanza ya maana kuwekwa kwa huo ukuta.

Hapo ndipo mimi nakataa. Mazishi yanatuonyesha kwamba pesa hupatikana, fundi yuko, na picha nzuri ziko. Kitu tunachokosa ni sababu, na sababu pekee tumekubali ni kifo.

Hoja yangu ni hii: chukua ile picha ya siku familia yenu ilikutana, ile yenye maana, iweke kwa kanvasi, na uitundike mahali unaishi. Sio kwa wazazi peke yake. Kwa keja yako ya Roysambu, ya Rongai, ya Mtwapa. Na uifanye watu wote waliomo wakiwa bado wanapumua.

Najua mtanijibu nini, kwa hivyo twende moja moja.

Jibu la kwanza: "Huo ni ushamba." Eti picha za familia ni za sebule ya wazazi, pamoja na vitambaa vya kochi na kalenda ya SACCO. Sisi tunataka vaibu safi, ukuta mweupe, mmea mmoja kwa kona. Sawa. Sasa niambie kwako kuna nini ukutani. Kuna kanvasi ya daraja la Brooklyn, na hujawahi kulivuka. Kuna simba amevaa taji. Kuna maneno ya Kiingereza yanakuamrisha uamke ujitume. Umelipa fundi yuleyule, kanvasi ni ileile, msumari ni uleule. Kwa hivyo shida yako si kanvasi. Shida ni sura za watu wako. Shosho na leso yake na gambuti haingii kwa vaibu, lakini teksi ya njano ya New York inaingia. Hebu kaa na hiyo kidogo.

Na usidhani huu ni uzee. Zamani pale Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, na Lamu kulikuwa na studio ya Bakor. Watu walivaa nguo zao kali kabisa wakaenda kupigwa picha wakiwa wazima, wachumba, marafiki, mama na watoto. Picha moja ilikuwa na gharama, ndiyo maana ilitunzwa. Wewe leo una picha elfu nane kwa simu, na hakuna hata moja mpwa wako anaweza kuitazama bila kukuomba paswadi.

Jibu la pili: "Lakini picha ziko kwa intaneti, hazipotei." Nani alikuambia? Ile uliyoweka kwa stori ya Instagram iliondoka baada ya saa 24. Zile za kameraman mlipewa linki kwa grupu, nusu ya watu hawakuifungua, na siku mtakapoihitaji atakuwa ameshafuta kupata nafasi ya harusi nyingine. Google inakupa GB 15 za bure, na hizo unagawana na barua pepe zako. Tena mwaka 2023 Google walitangaza kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa na kila kitu ndani yake, picha pia. Sasa fikiria akaunti ya mzee ambayo mlimfungulia akinunua simu, hakuna anayekumbuka paswadi, na picha za ushago ziko humo. Na hatujafika kwa simu inayonyakuliwa kwa dirisha la matatu.

Tena hata zikibaki, nani huziangalia? Picha iliyo kwa simu lazima uitafute. Picha iliyo ukutani inakutafuta wewe. Mtoto anayekulia Nairobi anakutana na binamu zake mara moja kwa mwaka, kama nauli ya Disemba haijawashinda wazazi. Asipoona zile sura kila siku akinywa chai, watabaki kuwa "wale watu wa ushago". Akiziona, atauliza huyu ni nani, na wewe utalazimika kujibu. Majina hujulikana hivyo.

Jibu la tatu ndilo naliheshimu: "Familia yetu ina mambo." Naam. Kila familia ina mjomba aliyeuza shamba kimyakimya, na wake wawili wasiosalimiana. Kama kuna mtu alikuumiza, hakuna shangazi wala mchungaji ana haki ya kukulazimisha kulala chini ya sura yake. Nyumba ni yako, chagua picha nyingine. Hapo sina mjadala.

Lakini tusijifiche nyuma ya hiyo. Ukuta ndio mahali familia inasema wazi watu wake ni akina nani, na mara nyingi tunaogopa kusema. Kuna yule mtoto aliyezaliwa nje, amekuja kwa mkutano wa familia mara ya kwanza, hajui asimame wapi, basi anasimama pembeni kabisa. Sasa sikiliza vile kanvasi hutengenezwa. Fundi akishaprinti, anaivuta juu ya fremu ya mbao na kukunja kingo kwenda nyuma, inchi moja au mbili kila upande. Usipomwambia aache nafasi, atakayekunjwa ni yule wa pembeni. Picha itatundikwa nusu ya uso wa huyo mtoto ikiangalia ukuta. Siku atakayokuja kwako ataiona, na hatasema kitu.

Halafu kuna wale ambao hawako kabisa. Picha ya familia hupigwa mchana, wageni wakiwa wamefika na sufuria zikiwa bado motoni. Fungua ya kwenu uangalie. Wajomba wote wako kwa viti vya plastiki, miguu imekunjwa, soda mkononi. Waliochinja kuku, waliochuja chai, waliokesha wakisonga chapati, wako wapi? Wako jikoni. Tunaita hiyo picha ya familia, kumbe ni picha ya waliohudumiwa. Mimi nasema hiyo usiitundike. Mkikutana tena, zima moto dakika kumi, ita kila mtu, hata yule anayeshika kamera, mwekeeni simu juu ya gari ijipige yenyewe. Waje na aproni zao hivyohivyo. Mikono yenye unga haiharibu picha.

Ndiyo maana nasema picha yenye maana, sio picha iliyopangwa sana. Ile ya fulana zinazofanana, wote wamekauka kama wako kwa foleni ya kitambulisho, mara nyingi si yenyewe. Yenyewe ni ile iliyopigwa sekunde chache baadaye, wakati guka amesema kitu na safu nzima imevunjika kwa kicheko.

Sasa kazi yenyewe, kwa ufupi. Usichukue picha kutoka kwa grupu ya WhatsApp. Ikitumwa kawaida hupunguzwa, na ukiikuza itakuwa na vumbi vumbi. Omba aliyepiga akutumie kama dokumenti. Picha kamili ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4000 kwa 3000, na hiyo inatosha kanvasi ya inchi 24 kwa 18 bila aibu. Mwambie fundi aache nafasi kwa kingo. Usiitundike mahali jua la mchana linaipiga, wala karibu na mvuke wa jiko. Na kama keteka wenu hataki kusikia msumari, kanvasi ni nyepesi, haina kioo: iegemeze juu ya kabati, au tumia zile hanga za kubandika.

Pesa? Mnajua kuchanga. Grupu iko, mweka hazina yuko, M-Pesa iko. Mmechangia mabango ya watu ambao hawatayasoma. Binamu kumi wakitoa kidogo kidogo, kila nyumba itapata yake, moja baada ya nyingine, na ya kwanza iende kwa yule anayeishi mbali zaidi.

Sisemi kanvasi itaponya familia. Kama hamwongei, hamwongei. Nasema tu kwamba shosho yako atakuja Nairobi siku moja kwa kliniki, atalala kwako, na jioni atakaa kwa kochi aangalie ukuta wako. Anaweza kuona daraja la Brooklyn. Au anaweza kujiona yeye mwenyewe, mkubwa, katikati ya watu wake, akicheka, na aanze kukuambia huyu alizaliwa lini na yule ameitwa jina la nani. Hizo hadithi huwezi kuziuliza bango.

Kwa hivyo wiki hii fungua simu, chagua moja, utume kwa grupu ya familia na uandike: "Hii tunaprinti, nani anaanza?" Usingoje Disemba. Usingoje matanga.