Shamba Limeshindwa, Watetezi Hawajashindwa

Utetezi wa shamba la mpunga la Mngeta mmeshausikia, tena si mara moja. Unakwenda hivi: mtaji mkubwa ulikuja kwenye ardhi iliyolala, ukaleta mashine, ukawafundisha wakulima, kisha ukaangushwa na serikali iliyoruhusu mchele wa nje. Kwa hiyo mfumo ni mzuri, bahati ndiyo mbaya, turudie. Nawaomba wasomaji muukalie utetezi huu kama baraza la kata linavyokalia kesi ya mpaka: kila dai lije na ushahidi wake, na anayejipinga mwenyewe asisaidiwe na mtu.

Yasiyo na ubishi ni haya. Kilombero Plantations Limited, yaani KPL, ilianza mwaka 2007 kwa ubia wa kampuni ya Agrica ya Uingereza na RUBADA, iliyokuwa mamlaka ya serikali ya kuendeleza bonde la Rufiji. Shamba lina hekta 5,818, Mngeta, bonde la Kilombero, ukitoka Ifakara kwa njia ya Mlimba. SAGCOT, ukanda wa kukuza kilimo wa kusini mwa Tanzania, ilipozinduliwa mwaka 2010, na mpango wake wa mwaka uliofuata ukaahidi hekta 350,000 za kilimo cha faida na ajira 420,000 ifikapo 2030, Mngeta ndiko kulikotolewa kama mfano. Mwaka 2019 kampuni ikashindwa kulipa mikopo, wadai wakaweka msimamizi wao. Tunachobishania ni maana ya hayo yote.

Dai la kwanza: ardhi ilikuwa tupu. Lina chembe ya ukweli, nami siifichi. Shamba lilikuwa la KOTACO, ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini wa miaka ya 1980, na ubia huo ulikuwa umekwisha zamani Waingereza walipofika. Lakini kampuni hiyohiyo iliyosema ardhi imelala iliandaa mpango wa kuhamisha watu, ikahesabu kaya, ikathamini mali zao na kulipa fidia. Pori halilipwi fidia. Mbele ya mwekezaji ardhi haina mtu. Mbele ya mthamini ina majina na sahihi za dole gumba. Dai moja haliwezi kutumia nyaraka zote mbili.

Tena neno "tupu" lina historia yake huku kwetu. Mkulima wa bonde hufuata maji. Mvua zikishika, familia huacha nyumba ya kijijini ikahamia mbugani na sufuria, kuku na chandarua, ikajenga dungu juu ya nguzo ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Baada ya mavuno hurudi. Anayepita kwa gari mwezi wa Septemba ataona nyasi kavu na nguzo nne zimeinama. Ataandika: hakuna mtu. Hajadanganya, amekuja tu mwezi ambao wenyewe hawapo.

Dai la pili ndilo kipenzi chao: shamba liliuawa na serikali. Mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru, bei ikaanguka, na hesabu zilizopigwa kwa bei ya juu zikabaki karatasi. Ni kweli uamuzi ule uliumiza, na walioutoa hawana cha kujivunia. Ila watetezi wanairuka sentensi inayofuata. Ushuru uliosamehewa ni ule wa pamoja wa Afrika Mashariki, asilimia 75. Biashara inayosimama kwa sababu mshindani wake ametwishwa asilimia 75 ni biashara iliyobebwa mgongoni na serikali. Aliyebebwa akitelemshwa ana haki ya kulia, lakini asidai kwamba muda wote alikuwa akitembea kwa miguu yake.

Na "sekta binafsi" hii tuitazame mifukoni. Walikuwamo wawekezaji binafsi wa Kimarekani, sawa. Lakini Norfund, mmoja wa wabia wakubwa, ni mfuko wa serikali ya Norway. AgDevCo, mwekezaji mwingine, nayo imekuzwa kwa fedha za walipa kodi wa Uingereza. Ardhi ilitoka kwa RUBADA, ya serikali yetu. Serikali tatu zimeshika jembe, kisha tunaambiwa kosa ni serikali kuingia shambani! Kilichokuwa binafsi bila shaka yoyote ni faida, kama ingepatikana.

Yupo pia shahidi ambaye watetezi hawakumwita. Wakulima wadogo wa Mbingu, Njage na Mchombe walipigwa na bei ileile, mwaka uleule, kwa mpunga wa udongo uleule. Waliumia. Msimu uliofuata walipanda. Bei iliyoangusha hekta 5,818 haikuangusha ekari 3, kwa hiyo bei peke yake si muuaji. Muuaji ni bei ikikutana na mzigo wa mikopo na mitambo inayodai kulipwa hata mwaka wa bei mbaya, na mzigo huo haukutwishwa na waziri, ulichaguliwa na menejimenti. Halafu kati ya 2013 na 2019 kuna misimu sita. Mgonjwa aliyekufa miaka sita baada ya ajali anastahili uchunguzi kidogo zaidi ya kuonyeshwa gari lililomgonga.

Dai la tatu: kilimo shadidi, mbinu ya mpunga ambayo shamba liliwafundisha wakulima wa jirani, kimethibitisha mfumo. Hapa watetezi wana namba nzuri, na sitaichezea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wakulima waliofundishwa na shamba hili ulikuta wastani wa karibu tani 5 kwa hekta, bila umwagiliaji, na faida ya mkulima ikipanda. Kwa mpunga wa kutegemea mvua hayo ni mavuno makubwa. Kupanda kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, palizi ya mapema, aliyefuata alivuna. Nakubali kila neno.

Sasa fikirini maana yake. Mafunzo yalifaulu, shamba likafilisika. Kama hayo mawili yangekuwa kitu kimoja, yangesimama au kuanguka pamoja. Kufundisha mtu kupima sentimita 25 kwa kamba yenye mafundo kunahitaji bwana shamba, pikipiki na mafuta yake, mbegu na uvumilivu. Hakuhitaji hekta 5,818, wala mitambo ya kumwagilia inayozunguka kama mikono ya saa. Tena sehemu ya gharama za mafunzo ililipwa na wafadhili, ukiwamo mradi wa NAFAKA wa Wamarekani. Kwa hiyo namba ya tani 5 ni ushahidi wa ugani, na ugani tulikuwa nao kabla ya KPL, mpaka tulipoacha kuulipia. Anayeileta namba hiyo kutetea shamba kubwa ni kama mwenye basi bovu anayejisifu kwamba abiria walifika, akasahau kutaja kwamba walifika kwa miguu.

Dai la nne lina akili zaidi kuliko mengine, ndiyo maana nitakaa nalo. Wanasema: tazameni Kidatu. Kiwanda cha Sukari Kilombero kiko bonde hilihili, kilibinafsishwa mwaka 1998 kwa Illovo na wenzake, serikali ikabaki na asilimia 25, na kinanunua miwa ya maelfu ya wakulima wa nje. Mkubwa katikati, wadogo pembeni, na mambo yanakwenda. Kwa nini mpunga usiende hivyohivyo?

Kwa sababu muwa si mpunga. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari. Usipofika kiwandani ndani ya siku moja au mbili, umebeba kuni. Mkulima wa Kidatu hawezi kuuficha uvunguni wala kuupeleka Dar es Salaam kutafuta bei. Kinachomfunga kwa kiwanda ni kemia, mkataba unakuja baadaye. Na hata kwa kifungo hicho kilio cha miwa kubaki shambani hakijawahi kuwa kigeni, ndiyo sababu mojawapo ya kiwanda kuingia kwenye upanuzi wa kutoka tani 127,000 za sukari hadi 271,000.

Sasa njoo Ifakara wakati wa mavuno, simama mbele ya mashine yoyote ya kukoboa. Mpunga umeanikwa juu ya turubai, kina mama wanaugeuza kwa miguu. Dalali anafika, anachota punje mbili, anaziweka kwenye meno ya mbele na kuzivunja. Zikilia "ta", mpunga umekauka; zikibonyea, bei inashuka hapohapo. Haipendi bei? Mama anafunga gunia. Mashine ya pili iko ng'ambo ya barabara, ya tatu iko nyuma ya hiyo. Akitaka anauhifadhi ndani mpaka Januari, bei ipande. Lori lenye fedha taslimu linamfuata mpaka mlangoni, likiwa na lumbesa zake na dhuluma zake, lakini linamfuata.

Mtu huyo huwezi kumfunga kwa mkopo wa mbolea ukategemea mpunga wote uje kwako. Kwenye ripoti za miradi tabia yake huitwa kukosa uaminifu. Sokoni huitwa kuuza. Kidatu, kinachomleta mkulima ni sukari inayopotea kila saa. Mngeta kilitakiwa kumleta uaminifu peke yake. Aliyechora mpango wa mpunga kwa karatasi ya kunakilia ya miwa hakukosa mtaji, alikosa kumwangalia dalali aking'ata punje.

La tano linahusu mbegu, na siku hizi linasemwa kwa sauti ya kisheria: bila hakimiliki hakuna atakayewekeza katika mbegu bora. Kwa hoja hiyo tulitunga sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea mwaka 2012, na Novemba 2015 tukajiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Lakini kilimo shadidi cha Mngeta kilipandwa mbegu gani? SARO 5. Jina la maabara ni TXD 306, na ilitolewa mwaka 2002 na watafiti wa serikali, KATRIN, kituo cha utafiti cha hapahapa Ifakara, kikiwa mstari wa mbele. Sheria yetu ya kwanza ya haki hizo nayo ni ya mwaka huohuo wa 2002, mbegu ikiwa imeshaiva. Na kilimo shadidi chenyewe? Kilibuniwa Madagascar mwanzoni mwa miaka ya 1980 na padri Mjesuti, Henri de Laulanié, kikasambaa duniani bila hataza. Mbegu ya umma, mbinu ya padri. Mfano wao bora wa ubunifu wa mtaji umesimama juu ya vitu viwili ambavyo mtaji haukuvibuni.

Watajibu kwamba taasisi za umma nazo zinaweza kusajili mbegu. Ni kweli, lakini angalieni dai lilivyobadilika njiani: kutoka "bila hakimiliki hakuna mbegu" hadi "mbegu iliyopo inaweza kusajiliwa". Nalo lina mlango mmoja tu. Ili ilindwe, aina lazima iwe mpya, ya kipekee, inayofanana shamba zima na isiyobadilika. Supa, mpunga wetu wa kienyeji, si mpya, na hakuna mtaalamu atakayeikuta inafanana kutoka jaruba moja hadi jingine. Mtafiti anaweza kumchukua Supa kama mzazi, akazalisha mtoto na kumsajili. Bibi aliyeichagua Supa suke kwa suke kwa miaka 40 hana fomu ya kujaza.

Uendelevu nitaupitia haraka, kwa kuwa dai lenyewe ni jepesi. Wanasema shamba moja linalosimamiwa kitaalamu linaokoa ardhioevu kuliko maelfu ya wakulima na ng'ombe. Kwamba wakulima na mifugo wameibana mbuga, hadi sheshe, swala wa mbuga hii, amebaki akitafutwa, sikatai. Lakini watu waliotolewa kwenye hekta 5,818 hawakuhamia angani. Na serikali ileile ina ramani mbili za bonde moja. Ya mwaka 2002 inaonyesha eneo la Ramsar la hekta 796,735, lenye thamani kwa sababu ni la maji na mafuriko. Ya SAGCOT inaonyesha ardhi inayongoja matrekta. Mto Kilombero huchangia karibu asilimia 62 ya maji ya Rufiji, na chini huko kuna bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Atakayemwagilia kiangazi atuambie maji anamtoa nani kwenye foleni.

Limebaki dai la mwisho, ambalo hutolewa mengine yote yakianguka: tumejifunza. Labda. Wakorea walijifunza hapohapo, juu ya udongo uleule, kabla ya Waingereza. Mwaka 2015 Oakland Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilichapisha ripoti iliyodai kwamba wakulima wadogo waliokopeshwa chini ya mpango wa shamba hili walizama kwenye madeni, kampuni ilikanusha. Sichukui neno la upande wowote, kwa sababu ubishi huo haumalizwi kwa maneno. Kuna daftari la mikopo: nani alichukua kiasi gani, alirejesha kwa magunia mangapi, na kwa bei ya siku gani. Watetezi wanatuletea picha ya mkulima akitabasamu na kichala cha mpunga kimejaa mkononi. Picha ni nzuri. Daftari likiletwa, nitakaa kimya nilisome.